Mwalimu Aliyestaafishwa Kila Asubuhi

Kama una mzazi mzee nyumbani, usiipite hii. Isome yote, halafu mtumie na yule ndugu yako aliyenunua kufuli.

Palikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Haule, aliyefundisha shule moja ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Alipozeeka akapatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Majirani wakasema karogwa. Daktari akasema hajarogwa na mtu, ni ubongo unaoumwa, kama vile mtu anavyoumwa figo.

Mzee alikuwa anaishi kwa mwanawe Gaudensi na mkwewe Skolastika. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi utamkuta mlangoni, shati kalichomekea, kalamu mfukoni.

"Baba, unakwenda wapi?" Skolastika anamuuliza.

"Shuleni, mwanangu. Leo mimi ndiye mwalimu wa zamu. Nitachelewa paredi."

"Baba jamani, ulishastaafu. Mwaka wa kumi na tano huu."

Basi hapo uso unamshuka. Anakaa kitini, anauliza amekosa nini hata wamwondoe kazini bila barua. Siku nzima hali chakula. Kesho yake keshasahau, yuko mlangoni tena na kalamu yake.

Siku moja akawatoroka. Wakamkuta katikati ya barabara kuu, malori yanampigia honi. Gaudensi akanunua kufuli.

"Bora alie ndani kuliko tukamzike," alisema. Na usimlaumu upesi, hofu yake ilikuwa ya kweli.

Lakini mzee akaanza kukonda. Wiki ya tatu anakunywa vijiko viwili vya uji, anageukia ukuta. Skolastika akaona wazi kwamba huyu baba anawafia mikononi.

Asubuhi moja mzee akajikongoja tena hadi mlangoni, na Skolastika akaanza yale yale: "Baba, ulishasta..." Akaona ule uso unaanza kushuka. Mungu wangu! Kwa watu wote mzee huyu alistaafu mara moja. Kwake yeye mwenyewe, wanamstaafisha kila asubuhi!

Akafungua kufuli. "Twende, Baba. Tutachelewa paredi."

Walipofika shuleni akamvuta pembeni mwalimu mkuu, Bi Nditi, akamweleza yote. Bi Nditi akawaza kidogo, kisha akapaza sauti: "Wanafunzi, leo usafi anakagua Mwalimu Haule. Nyoosheni mikono!"

Weee! Ungemwona yule mzee! Mgongo ulinyooka, akapita mstari kwa mstari akiangalia kucha, kola na masikio.

"Wewe, umenawa sikio moja. Hili lingine ni la nani?"

Watoto wakacheka mpaka basi. Mchana ule mzee alimaliza ugali wake na akaomba mboga zaidi. Tangu hapo ikawa nusu saa kila asubuhi, Skolastika akiwa ubavuni mwake, kisha wanarudi nyumbani.

Lakini watu nao hawakosi la kusema. Mtu akapeleka malalamiko wilayani, eti shule imemwachia mgonjwa wa akili akague watoto. Afisa elimu akaja paredi ikiwa katikati, uso kaukunja, barua ya kupiga marufuku mkononi. Skolastika akaiona ile barua. Alijua mzee akirudi kwenye kufuli, safari hii hatoki akiwa hai.

Afisa hajafungua mdomo, Mwalimu Haule kashamfikia.

"Umechelewa. Mikono!"

Bi Nditi akafumba macho. Afisa akatazama kushoto, akatazama kulia, akaibana barua kwapani na kunyoosha mikono.

"Kucha ndefu, na mtu mzima! Kesho ziwe zimekatwa."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu afisa, na machozi yakamtoka mbele ya watoto mia nne.

Akamgeukia Skolastika. "Dada, mama yangu alikuwa anapika maandazi ya kuuza. Sasa anaumwa kama huyu mzee. Kila alfajiri anatafuta unga, nami nimemfungia chumbani tangu mwezi wa nne. Nilidhani namlinda."

Akaichana ile barua vipande vipande, pale pale.

"Nikitoka hapa napitia dukani," alisema. "Nanunua unga kilo tano."

Shule ikalipuka kwa makofi! Skolastika akapiga vigelegele bila aibu, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Kelele!" Mwalimu Haule akafoka. "Darasani, kwa mstari!" Na wote wakaenda kwa mstari, afisa elimu akiwa wa mwisho.

Funzo: Mzazi aliyepoteza kumbukumbu usishindane naye kila siku kumwonyesha kwamba amekosea. Mpe kazi anayoiweza, mshike mkono mwende pamoja, na umlinde bila kumfungia.