Famau Arudi Kutoka Barafuni

Azikaye barafuni hajazika. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkaniuliza imetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi, mjini Mombasa, enzi za meli za makaa.

Mwanakombo alikuwa mke wa Famau, mchochea makaa. Meli ya Kapteni Wendel ilipopita ikitafuta watu wa kwenda ncha ya kusini ya dunia, Famau na wenzake wa pwani walipanda. Barafu ikainasa meli, isirudi tena. Waliorudi ni Kapteni na Wazungu wenzake wachache, kwa mashua. Kapteni akasema, "Wale Waswahili wenu waliiba chakula, wakatoroka."

Neno hilo likamwandama Mwanakombo. Akifika kisimani, wanawake hunyamaza. Hakuna aliyekuja kumsomea Famau hitima. Mwanawe aliitwa mwana wa mwizi hata akauhama mji. Kapteni naye akapewa ukubwa wa bandari, na kila alipompita ndani ya gari lake, Mwanakombo alitema mate chini.

Miaka ikapita, kichwa chake kikajaa mvi. Siku moja wavuvi wa nyangumi walitia nanga. Huko kusini walikuwa wamekuta kibanda chenye maiti za watu wa pwani na jina la meli ya Kapteni Wendel, wakawaleta Mombasa wakiwa wamefukiwa barafuni ndani ya tumbo la meli.

Mwanakombo akashuka gatini. Turubai likafunuliwa. Famau alikuwa kijana vilevile, ndevu nyeusi, kovu la moto shavuni. Mtu asiyewajua angedhani ni mama na mwanawe. Hakulia. Aliitazama mikono ya mumewe.

Kapteni akaja mbio. "Wazikwe sasa hivi! Kwa jua hili wataoza."

"Miaka yote hii hukuwa na haraka nao, leo umeipata wapi?"

"Mama, ondoka."

"Siondoki! Njooni, watu wa Mombasa, mtazame!" Akaiinua mikono ya Famau, migumu kama ubao. Kamba ya meli ilikuwa bado imeifunga pamoja. Wenzake vivyo hivyo. "Mwizi hutoroka akiwa amefungwa?"

Kapteni akababaika. "Chakula hakikututosha sote. Walitaka kuingia mashuani…"

"Ukawafunga, ukawaacha wafe. Kisha ukaja kutufunga sisi kwa aibu."

Imamu, aliyekataa kumsomea Famau hitima, alisogea kumpa mkono wa pole. Mwanakombo akaukwepa. "Wewe ulimwamini huyu."

Serikali haikumgusa Kapteni. Lakini tangu siku ile hakuna mchukuzi aliyebeba mzigo wake, wala mpishi aliyemwashia jiko, mpaka akaondoka mwenyewe. Mwanakombo hakumsamehe, na mji pia hakuusamehe. Udongo ulipokwisha kumfunika mumewe, aliwageukia waliokuja kuzika, macho makavu, akawaambia:

"Azikaye barafuni hajazika."