Mzee Mihambo Alivyosusa Ugali

Sogeeni hapa jikoni, wajukuu zangu, na mwenye miguu michafu akae nyuma. Nawarudisha zamani, zamani ile ambayo mawe yalikuwa bado laini na hata bibi yangu mimi alikuwa hajazaliwa. Mnanisikia? Asiyesikia aseme sasa, kwa sababu sirudii.

Basi palikuwa na mwanamke akiitwa Nyamizi, na Nyamizi alikuwa na mume, Mihambo, mwenye zizi kubwa kuliko mazizi yote ya nchi ile. Ng'ombe alikuwa nao, mbuzi alikuwa nao, na maneno alikuwa nayo kuliko ng'ombe na mbuzi wote pamoja. Siku moja Mihambo alirudi kutoka porini, akaketi, akausukuma kando ugali wa mtama aliotengewa.

"Mama Kalunde," akasema, "kuanzia leo mimi na ugali basi."

"Unaumwa, baba Kalunde?"

"Nimefikiri. Simba anakula nyama, ana nguvu. Tumbili anakula matunda, ana akili. Mimi nitakula vyote viwili. Mtama ni chakula cha kuku, na kuku mwenyewe unamwona alivyo."

"Na kuku unamla," Nyamizi akasema.

"Kuku ni nyama."

Nyamizi akauondoa ugali. Alikuwa na miaka ishirini katika ndoa ile, mahali pa kunyamaza alipajua.

Angekula zake kimya, kisa changu kingeishia hapa. Lakini mtu wa namna ile akibadilisha chakula, ni lazima kijiji kizima kijue tumbo lake limeamua nini. Mihambo alisimama mbele ya wazee, akainua mkono wenye pete ya shaba aliyorithi kwa baba yake, akaapa kwa pete hiyo kwamba kitu kilichopita kinuni hakitapita kooni mwake. Nyama na tunda, tunda na nyama. Asubuhi maini na ndizi mbivu, mchana mbavu na zambarau, jioni ulimi na ndizi tena. Wanaume wakamfuata mbio, maana nyama ilikuwa yake. Wakawa wanashinda uani kwake wakitafuna, wakisifiana misuli ambayo hakuna mke aliyeiona. Mwanamke akipita na mzigo wa mtama, walimwonea huruma kwa sauti. Jua likianza kushuka walirudi makwao, wakaomba uji. Mnacheka? Wake zao walicheka pia.

Nyama na tunda, tunda na nyama, mwezi ukapita. Mihambo akawa mkali. Alikuwa akienda kichakani asubuhi na kurudi adhuhuri, jasho linamtiririka, na msiniulize alikuwa anafanya nini huko.

Halafu Nyamizi akaona jambo. Kila akirudi kutoka kisimani mchana, chungu cha ugali alichokiacha na ukoko alikikuta kimekwanguliwa, cheupe kabisa. Hakuuliza. Kesho yake aliacha ukoko mnene zaidi, na keshokutwa mnene kuliko huo. Ukoko ulivyozidi unene, ndivyo mume wake alivyozidi upole. Nyamizi akaona na iwe hivyo, alimradi nyumba ina amani.

Siku tatu kabla ya harusi ya binti yao Kalunde, pete ya shaba ikapotea. Mihambo akawashuku watafunaji wenzake, akawafukuza uani mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo hiyo Nyamizi alichungulia ndani ya chungu chake, akakifunika, akakipandisha darini.

Sasa shikeni desturi yao. Siku ya harusi, baba wa bibi harusi na baba wa bwana harusi walikula ugali sahani moja, kila mmoja akimlisha mwenzake tonge la kwanza. Asiyepokea tonge amewakataa watu wale, na harusi imekufa hapo hapo. Kalunde alimtaka kijana yule. Mtama wa tonge hilo aliutwanga mwenyewe, na mama yake alimsikia akiimba.

Wageni wakaja. Mzee Kapela, baba wa kijana, akamega tonge, akalinyoosha. Mihambo akafumba mdomo.

"Nimeapa, mkwe wangu," akasema kwa pembe ya mdomo. "Tulishane ini."

"Nimetembea siku mbili kuja kulishwa tonge," Mzee Kapela akajibu. "Ini ninalo nyumbani."

Mkono ukabaki hewani. Watu wa Kapela wakaanza kutafuta fimbo zao waondoke. Nyamizi akamtazama mwanawe, akamwona anauma mdomo asilie, na hapo hasira ikampanda. Akaingia ndani, akatoka na chungu, akakiweka mapajani mwa mumewe mbele ya watu wote.

"Baba Kalunde," akasema, "ile pete uliyoapia nimeiona."

Wazee wakainama kutazama. Pete ilikuwa imenasa kwenye ukoko, na pembeni yake mikwaruzo ya vidole vinne, mipana, ya mtu mzima.

"Kumbe wezi wenyewe ndio sisi," akasema mmoja wa wale waliofukuzwa.

Mihambo akamtazama mkewe. Akafungua mdomo aseme kwamba pete ameitia humo mkewe mwenyewe. Mzee Kapela hakungoja. Tonge likaingia.

Akatafuna. Akatafuna, akameza, machozi yakamlengalenga, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mchuzi.

Vigelegele vya siku ile, wanangu, viliwatoa ng'ombe zizini.

Kwa hiyo kuleni mtakacho. Nyama kuleni, matunda kuleni, hata mizizi mkipenda. Lakini msiwatangazie watu matumbo yenu, na msimdharau mwenye mwiko wakati mnamkwangulia chungu chake. Nami kisa nimekipakua, chungu nimekifunika. Aliyebaki na njaa akapike chake.