Pengo la Boma la Mihambo

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na kijiji na palikuwa na simba. Sogeeni. Wewe unayecheka, wenzako wa enzi hiyo hawakucheka.

Simba huyo hawakumtaja. Walisema tu "Yule." Akikohoa porini jioni, asubuhi mtu hayupo. Alimchukua mchunga ng'ombe. Alimchukua bibi harusi na shanga zake. Alikohoa, akachukua. Alikohoa, akachukua.

Mkuu wa kijiji, Mzee Mihambo, akaamua wazungushe boma la miiba. Akavuta kamba kutoka ukingo mmoja wa kijiji mpaka wa pili, ikipita katikati.

"Marehemu baba alisema mzunguko ni kamba tatu," akawaambia. "Kateni miiba ya kutosha kamba tatu. Tunaingia porini leo tu. Kesho sitaki mtu humo."

Wakaingia. Wakakata wakitazama nyuma. Wakaburura wakitazama nyuma. Kila nyumba ikaleta fungu lake, wakapanga wakizunguka, wakapanga wakizunguka. Wa mwisho kupanga alikuwa Kalunde, mjane, hana mume wala kaka wa kumsemea.

Jua linazama, fungu la Kalunde likaisha, boma halijafunga. Limebaki pengo la kupita ng'ombe wanne bega kwa bega.

Porini mtu akakohoa. Hakuwa mtu.

"Kalunde, miiba mingine iko wapi?" akauliza Mihambo.

"Nimeleta yote, baba."

"Tulipima kamba tatu. Umeiba."

"Niibe miiba nikaifanyie nini? Nichemshe?"

Woga ukishawaingia watu, hutafuta wa kumtupia. Hata jirani aliyekula kwake mchana alisema, "Aliyeacha pengo akae penye pengo." Wakamshika mikono, wakamkalisha pale. Mbele yake giza, nyuma yake macho ya wenzake. Kikohozi kikaja tena, karibu zaidi.

Kalunde hakulia. Angelia angeliwa, na kisa kingeishia hapo.

"Mzee Mihambo," akasema, "lete ngoma yako. Kata ugwe wa kupita katikati ya uso wake, kisha uzungushe pembeni mara tatu. Ngoma sijaigusa mimi. Ugwe ukifunga mzunguko, niacheni hapa hapa."

Mnadhani alijua? Hakujua lolote. Alikuwa anachelewesha kufa.

Mihambo akapima. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Pakabaki pengo. Wakapima kinu. Pengo. Wakapima chungu cha mke wa Mihambo. Pengo. Kwenye kitu kikubwa pengo kubwa, kwenye kidogo pengo dogo, lakini halikosi.

"Na chungu cha mkeo nacho nimekiibia?" akauliza Kalunde.

Mtama uliokuwa nje ya boma ulikuwa unatikisika, na upepo haukuwepo.

"Miiba haiongezeki," Kalunde akasema. "Basi kijiji kipungue. Vuteni upande ule wa boma uje ndani."

"Ukivutwa upande huo nyumba yangu inabaki nje," akasema Mihambo.

"Basi baki nayo."

Wakavuta kwa mikono mitupu, damu zikawatoka, hakuna aliyesema anaumia. Pengo likazibika. Na Yule akafika. Wakamsikia akiingia kwa Mihambo. Wakasikia vyungu vikivunjika, kitanda kikivunjika. Kisha akatoka, akaanza kulizunguka boma taratibu, akinusa, akinusa, akitafuta pale walipokosea. Alizunguka mpaka kukapambazuka, na Mihambo alikuwa ameketi nyuma ya Kalunde kama mtoto.

Hizo kamba tatu na kipande kinachozidi ndizo mnazosomeshwa shuleni, hiyo pai. Mnaniambia tarakimu zake hazina mwisho. Mimi shule niliishia kuandika jina langu, lakini hilo naliamini, na linanitisha. Msione hesabu ni adhabu ya mwalimu. Mihambo hakuwa mtu mbaya. Alishika neno la baba yake, hakupima, na watu wasiopima, mambo yakiwaharibikia, humtafuta mjane.

Kisa nimekitua hapa. Aliyekisikia akibebe, aliyesinzia asiniamshe kesho kuniuliza.