Jina la Mtoto wa Tusekile

Sogeeni karibu, hili limenishinda, mnisaidie.

Huko Tukuyu, kwenye baridi na mashamba ya chai, kulikuwa na nyumba yenye watu watatu waliojaliwa, kila mmoja na chake. Atupele alijaliwa macho: akikutazama mara moja anajua ulilalaje. Kaka yake, Ambakisye, alijaliwa mdomo usioona haya kuuliza. Mama yao, Subilaga, alijaliwa msimamo; akisema hapana, ni hapana.

Tusekile, mke wa Ambakisye, alikuwa mjamzito. Kliniki walimwambia damu yake ni kidogo, wakampa vidonge. Alivimeza kila siku akisali, na damu haikupanda. Nesi akamwonya kwamba akijifungua hivyo anaweza kupoteza maisha. Tusekile akarudi nyumbani, akidhani Mungu ameshaamua.

Asubuhi moja Atupele akamwona akimeza.

"Wifi, mbona unashushia na chai?"

"Maji ya huku yanagandisha meno. Na chai ya mama tamu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na ya chakula, na ya kulalia."

Atupele akamsimulia kaka yake. Ambakisye akaenda kliniki, akapanga foleni na wajawazito.

"Shemeji, yako ina miezi mingapi?" mmoja akamtania.

"Bado changa," akajibu, kisha akamuuliza nesi kuhusu chai. Nesi akamweleza kwamba chai, na kahawa vilevile, ikinywewa pamoja na vidonge au chakula huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Ameze kwa maji, ale na pera lisaidie chuma kuingia, chai ingoje saa moja au mbili.

Lakini Tusekile aliipenda chai mno, akashindwa kungoja, akawa anaiiba jikoni. Subilaga akamfuma. Hakumgombeza. Akaifungia chupa ya chai sandukuni.

"Na mimi siinywi mpaka ujifungue, mwanangu."

Mama ambaye hakuwahi kuamka bila kikombe. Tusekile akaona aibu, akatubu, akaacha.

Damu ikapanda. Akajifungua salama mtoto wa kike, akamshukuru Mungu, kisha akaomba chai. Wote wakacheka mpaka machozi.

"Aliyeniokoa ndiye atampa mtoto jina," akasema.

"Bila macho yangu mngeuliza nini?" akasema Atupele.

"Ungeona, halafu?" akajibu Ambakisye. "Nani alijua ubaya wa hiyo chai?"

"Mlijua wote," akasema Subilaga, "na bado alikuwa anainywa."

Ubatizo ni Jumapili. Tusekile anawatazama watatu hao, mtoto kifuani, kikombe kinapoa. Je, ungekuwa wewe, jina la mtoto ungempa nani alitaje?