Viganja Vilivyobaki Baridi

Niitikieni kwa sauti, wanangu, haya isije ikanirudisha nyuma. Palikuwa! Semeni: Pakawa na nini?

Pakawa na zimwi lililochomwa na mwiba unyayoni, na mwanamke akauchomoa. Zimwi likampulizia viganja, likasema: "Vipitishe juu ya mgonjwa bila kumgusa. Vitapata moto penye maumivu, na maumivu yatatoka. Vikibaki baridi, sema ni baridi."

Akaja mfinyanzi, mgongo umempinda. Viganja vikapata moto, akapona. Akaja mkwezi, goti limevimba. Viganja vikapata moto, akapona. Akaja Bi Mwanapwani, kungwi aliyemfunda mwanamke huyo alipovunja ungo. Kiuno kinamuuma, na ua umejaa watu. Viganja baridi kama mtungi! Mwanamke akaona aibu, akasema, "Nahisi moto, kungwi wangu!"

Kungwi akajikaza, akainuka. "Ahsante, mwanangu. Nimepona."

Kesho yake mwanamke akamkuta kisimani, amejikunja kama jongoo. Kungwi alipomwona tu, akajinyoosha, akatabasamu, akajitwika ndoo.

Viganja havikupata moto tena. Hadithi imefika ukingoni. Nanyi kila siku mwaniuliza kwa nini mikono yangu haitoki ndani ya kanga.