Kobe wa Mzee Chilongani

"Mpe kobe anayeuliza anakula nini." Hayo ndiyo maneno mliyomsikia shangazi yenu akimwambia yule bwana wa mjini aliyekuja kumchukua mtoto wa marehemu dada yake bila kuuliza lolote, na bwana akaondoka peke yake. Mnaniuliza kobe anaingiaje hapo. Chanzo chake ni hiki, na kilitokea hapa hapa Gulwe.

Mzee Chilongani alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli. Siku moja alimkuta kobe mdogo amenasa kati ya reli mbili, anaambaa chuma na hawezi kutoka. Akamtia kofiani akaja naye nyumbani. Kobe akakua, akazoea watu, hata sufuria ikikwanguliwa anakuja. Mzee akastaafu, miguu ikamkataa, na binti yake akasema atamchukua wakaishi Morogoro, kwenye chumba cha ghorofani. Kobe huko hakuwa na pa kukanyaga.

Kumtupa porini mzee alikataa. Kobe aliyezoea watu hamkimbii mtu, humfuata. Na mzee alikuwa amesikia kuna watu wanakusanya kobe na kuwasafirisha kwa siri. Kwa hiyo alipotangaza baada ya ibada kwamba anatafuta wa kumwachia, akaanza kumshuku kila aliyemsogelea. Jirani akimsifu kobe kwa unene, mzee aliona sufuria machoni pake. Mwalimu akimwomba kwa ajili ya shule, mzee aliwaza mawe ya wanafunzi.

Aliyekuja kwa nia hasa alikuwa Tabu Mwaluko, mjane, fundi cherehani. Sasa mjue jambo moja. Kwetu anayepewa mnyama hupokea kwa mikono miwili, hushukuru, hunyamaza. Ukiuliza kama kuku anataga, umemwambia mtoaji kwamba amekupa mzigo. Tabu hakujali hayo. Aliuliza kobe anakula nini. Akauliza mvua ikinyesha analala wapi, mbwa wakimpindua inakuwaje, na kama inaruhusiwa kumfuga bila bwana wanyamapori kujua.

Hilo la mwisho lilimchoma mzee, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia bwana wanyamapori kitu.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Hakuna, baba. Sijawahi kufuga kobe, ndiyo maana nauliza."

"Kufuga hujui, ila kupeleleza unajua. Nenda kashone."

Tabu akaenda zake.

Akaja Kidyalla, mgeni aliyepanga karibu na stesheni na kujiita mnunuzi wa karanga. Alikuwa na begi kubwa begani. Alipiga goti kidogo, akaamkia, akapokea kobe kwa mikono miwili, akashukuru, akanyamaza. Mzee akaridhika kabisa. Huyu, alisema moyoni, amelelewa. Kidyalla akafungua begi kidogo tu, akamsukuma kobe ndani, akaaga.

Mzee alikuwa amechuma fungu la majani ya mlenda kwa ajili ya safari ya kobe. Akamwita mgeni kabla hajavuka ua.

"Umesahau chakula chake."

"Acha tu, baba. Hana haja nacho."

Mzee akabaki na majani mkononi. Yule mwanamke aliyemfukuza alianza na chakula. Huyu mwenye adabu hata kukipokea hataki. Kwa nini?

"Kwani kwako atakula nini?"

"Chochote. Samaki, ugali."

"Fungua begi."

"Baba, ulishanipa. Kilichotolewa hakirudishwi."

"Nimesema fungua."

Kidyalla akageuka aende. Mzee akashika mkanda wa begi, likateleza chini, naye akalikalia. Miguu haikumtii, lakini kwa kazi ile haikuhitajika. Kina mama waliokuwa bombani wakasogea, na mmoja akavuta zipu. Mle ndani, pamoja na kobe wa mzee, walikuwamo kobe wengine wawili, wamezungushiwa utepe wa gundi wasiweze kutoa miguu wala vichwa nje ya magamba. Kidyalla alisema begi si lake, akaondoka haraka. Mgambo walipofika chumbani kwake walikuta kitanda kitupu.

Mzee akaagiza Tabu aitwe. Akamwambia, "Nilikufukuza kwa maswali yako. Uliza tena."

"Anakula nini?" akauliza Tabu.

Mzee alimjibu mpaka jua likainama.

Kisha wakaenda wote wawili kwa bwana wanyamapori, ingawa mzee alijua atagombezwa. Akagombezwa kweli. Wale kobe wawili wa begini bwana wanyamapori aliwachukua warudishwe milimani. Huyu wa mzee alisema asiachiwe porini, kwa sababu kobe aliyekaa na watu anaweza kuwapelekea wenzake maradhi. Akampa Tabu kibali, akamwonya kwamba atakuja kukagua bila kupiga hodi mapema. Tabu akamuuliza atakagua nini hasa.

Siku mzee anapanda treni, wazee wenzake walimsema. Walikuwapo wanaume wangapi wenye adabu zao, naye amekwenda kumpa mwanamke mwenye mdomo, aliyepewa zawadi akaihoji kama karani wa mahakama.

Mzee akawajibu kutoka dirishani mwa behewa, "Asiyeuliza hana nia ya kulisha. Mpe kobe anayeuliza anakula nini."