Kindi na Vitabu Vyeupe vya Forodha

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kuwasengenya, nchi ya Bibi Tembo ilikuwa na malango matatu ya forodha. Chochote kilichoingia kutoka nje, kiwe jembe, sabuni, kitenge au dawa, kilipita lango mojawapo, kikakaguliwa, kikafungwa kwa ugwe wa lango hilo. Lango la Mto lilikuwa la Kiboko, ugwe wake wa mafunjo. Lango la Mbuga lilikuwa la Nyati, ugwe wake wa ukindu. Lango la Mawe lilikuwa la Kifaru, naye alifunga kwa katani.

Kila mlinzi alipewa kitabu, aandike humo kila kitu bandia alichokiona.

Sasa sikilizeni mambo yalipoharibikia. Kila mwaka Bibi Tembo alimvika joho jekundu mlinzi ambaye kitabu chake kilikuwa cheupe kuliko vya wenzake. "Lango lisiloandika bandia ndilo lango safi," alisema, na baraza zima likapiga makofi, pa pa pa. Je, kama mlinzi aliona na akaamua kutoandika? Nyinyi mngeuliza. Wakubwa wale hawakuuliza.

Aliyeuliza alikuwa Kindi, karani wa kukusanya vitabu. Aliuliza kila mwaka, na kila mwaka aliambiwa atulie, mambo ya forodha ni ya wenye vifua vipana.

Mwaka huo hakuweza kutulia. Mdogo wake, Mashavu, alikuwa na homa siku ya tisa. Alikuwa amelala ndani ya tundu la mti wao, mkia umelegea kama kamba iliyolowa, hataki uji, hataki karanga, hataki hata kugombana.

"Umempa dawa?" aliuliza Mama Kobe, tabibu wa mtaa.

"Nimempa vifurushi viwili, mama. Hakuna kitu."

"Vilikuwa na ugwe gani?"

"Sijui, mama," alisema Kindi. Yeye, karani wa forodha, alifungua vifurushi vile kwa haraka na kuutupa ugwe bila kuutazama.

Mama Kobe akashusha pumzi. "Mwanangu, sokoni kuna dawa za homa za namna mbili. Moja ni dawa. Nyingine ni chaki iliyotiwa manjano. Wauzaji wanazipaka zote karafuu, kwa hiyo pua yako haitakufaa, wala yangu. Mashavu anaweza kusubiri leo. Kesho siwezi kukuahidi. Jua ile bandia ilipita lango gani, umpe ya lango jingine."

Kindi akakimbilia vitabu alivyokuwa amevikusanya jana yake kwa ajili ya baraza. Akafungua cha Kiboko, cheupe. Cha Nyati, cheupe. Cha Kifaru kilikuwa kipya kabisa, kurasa zake zilikuwa bado zimegandana.

"Ukurasa mtupu husema mojawapo kati ya mawili," alisema kwa hasira. "Hapakuwa na kitu, au hapakuwa na mwandishi. Nami mdogo wangu hafi kwa sababu ya uvivu wa mtu." Akavibana vitabu kwapani, ruka, ruka, ruka, mpaka Lango la Mto.

"Shikamoo, mjomba Kiboko."

"Marahaba. Si ulishachukua kitabu? Cheupe kama jino langu."

Kindi alilitazama jino lenyewe, la njano kama hindi la kuchoma, akaona si siku ya kubishana.

"Nimekirudisha kwa huruma tu, mjomba. Kwani hukusikia? Mwaka huu joho haliendi kwa kitabu cheupe. Linaenda kwa mwenye jicho kali. Aliyeona bandia nyingi, akajua ni nini, zimetoka kwa nani na zimekwenda wapi."

Hakuna aliyemwambia maneno hayo. Aliyatunga njiani, baina ya mti na mti.

Kiboko akaibuka, chubwi, maji yakamwagika hadi barabarani. "Nani kabadilisha?"

"Mimi ni karani tu, mjomba, naandika ninachoambiwa. Nasikia Nyati ana ya kujaza kurasa tatu."

"Nyati? Yule anayetazama nyasi mchana kutwa? Lete kalamu. Andika majembe ya udongo yaliyopakwa masizi, mia mbili na kumi. Yamegongwa alama ya mhunzi Nungunungu, lakini Nungunungu hajawahi kuyagusa. Ukilima nalo mara mbili linamomonyoka kama mkate mkavu."

"Ukayapitisha?" Kalamu ilitaka kumvunjikia Kindi mkononi.

"Wewe nawe. Ningeyazuia, si ningelazimika kuyaandika? Halafu wenye majembe waliniletea matikiti."

"Mjomba una jicho, sikatai," alisema Kindi, akimvika kilemba cha ukoka. "Na dawa, hukuona?"

"Dawa hazikupita hapa ila zile za miaka yote."

Kindi akaandika lote, kisha akamwomba aweke alama yake chini. Kiboko akakanyaga, pwata, unyayo ukameza nusu ya ukurasa.

Kwa Nyati hakuhitaji hata kutua vitabu. Aliposikia kwamba Kiboko ameita macho yake macho ya kutazamia nyasi, Nyati alianza kutaja kabla kitabu hakijafunguliwa: vitenge vinavyochuja rangi vikinyeshewa tu, sabuni za majivu, na kasuku watano waliopita wakiimba nyimbo za Chiriku na kudai wametunga wenyewe.

"Nikamwambia mmoja, hebu imba ubeti wa pili," alisema Nyati. "Akaanza upya ubeti wa kwanza."

"Ukawapitisha?"

"Waliimba vizuri, binti. Nifanyeje?"

Akaweka ukwato. Dawa hakuitaja. Jua nalo lilikuwa limeshapita utosi, na Kindi alikuwa hajui lolote kuhusu jambo moja alilolihitaji. Kutotaja si kutokuwapo. Hilo yeye alilijua kuliko wote.

Lango la Mawe ndilo lililokuwa gumu.

"Shikamoo, babu Kifaru."

"Nani? Sauti naipata, mtu simwoni."

"Kindi, karani." Akamweleza habari za joho na jicho kali.

"Sitaki," alisema Kifaru. "Miaka yote nimekaa hapa sijaandika herufi moja. Sianzi leo kwa ajili ya nguo."

"Kiboko ameandika, babu."

"Kiboko ana maneno mengi tangu utotoni."

"Na Nyati."

"Mfuate huyo Nyati."

Kindi akamwaza Mashavu na mkia wake uliolegea. Akafungua kitabu, akaanza kuandika kwa nguvu, kwaru kwaru, huku akitamka pole pole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Kifaru... macho... hana tangu zamani... na sasa... na pua nayo... imekwisha."

Masikio ya Kifaru yakageuka, moja kwanza, kisha la pili. "Umeandika nini?"

"Sababu, babu. Baraza litauliza kwa nini wenzako wameona na wewe hukuona. Nimewajibia mapema. Magunia yanapita chini ya pembe yako hunusi. Si aibu, uzee haukwepeki."

"Pua yangu imekwisha?" Kifaru alipumua, fyuuu, vumbi likapanda, Kindi akang'ang'ania mwamba asipeperuke. "Nikuambie ulichokula asubuhi? Karanga nne, na moja ilikuwa imeoza."

"Hata kuku kipofu hubahatisha punje, babu."

"Andika, mtoto wewe. Andika haraka. Magunia arobaini ya dawa ya homa, mwezi uliopita, ya Nyani wa kule kilimani. Hayakuwa na dawa hata chembe. Chaki na manjano. Nilimjua hajakata kona."

Kalamu ya Kindi ikasimama, ikaendelea. "Arobaini tu? Labda mengine yalipita mtoni, ila huko pua yako haifiki."

"Mtoni? Nyani haogi, ndiyo avuke mto? Na mbugani ni peupe, kila jicho lingemwona. Yote yalipita hapa. Niliyafunga mwenyewe kwa katani, yakaenda sokoni kwa Fisi. Haya, pua imekwisha?"

"Bado ipo, babu," alisema Kindi. "Bado ipo sana. Kanyaga hapa."

Alifika sokoni kabla hawajafunga vibanda. Akachambua vifurushi, katani, katani, katani, ukindu, katani, mpaka akapata cha ugwe wa mafunjo, maana Kiboko ndiye aliyemwambia kwamba dawa zake ni zile za miaka yote. Akauvuta mara tatu kuhakikisha. Jioni ile ile Mashavu akanywa dawa, uso ukamkunjamana kwa uchungu wake. Chaki haina uchungu, Kindi alijiambia. Chaki haina uchungu.

Lakini asubuhi mtoto alikuwa bado moto, na baraza lilikuwa linaita. Kindi akamwacha na Mama Kobe, akaenda akiwa na vitabu vitatu na moyo wa wasiwasi.

Walinzi walikuwa wamekaa mbele, wameoga, hata Kifaru. Kindi akasoma yote kwa sauti: majembe, vitenge, kasuku, dawa. Alipomaliza, Kiboko akainuka kidogo kulipokea joho.

"Kaa," alisema Bibi Tembo. Masikio yake yalipiga upepo, pwaa, pwaa. "Mliyaona haya yote, mkayapitisha?"

Kiboko akatazama Nyati. Nyati akatazama nyasi. "Bibi, sisi hatukusema..." alianza Kifaru, lakini Kindi aliinua kurasa, na nyayo zilikuwa pale, kubwa, za kila mmoja.

"Na wewe, karani," Bibi Tembo akamgeukia, "nani alikuambia joho limebadilishwa?"

"Hakuna, Bibi. Nilidanganya. Nilidanganya malango matatu kwa siku moja, na nimepata ukweli ambao vitabu vyako vyeupe havikukupa tangu vianzwe. Hawa hawakuwa vipofu. Wewe uliwatuza kwa kufumba macho, wakafumba."

Kuambiwa hivyo mbele za watu, na karani wa kimo kile, si jambo la kila siku.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema Bibi Tembo mwishowe. "Kila kifurushi cha katani kitolewe sokoni leo. Nyani na Fisi waletwe hapa. Nanyi watatu mtapita nyumba kwa nyumba kukusanya mlichokiingiza, na kila nyumba mtaeleza kilivyoingia. Kuanzia sasa, kitabu kitupu ndicho nitakachokihoji."

Watu walipiga makofi, ila Kindi hakuyasikia. Alikuwa anatazama njia. Kutoka kwake hadi barazani ni mwendo wa kutafuna karanga moja, na kule mwishoni alikuwa anakuja Mama Kobe, hatua, akapumzika, hatua.

Kindi akaruka hadi kwake. "Mama, vipi? Sema."

"Ngoja nivute pumzi."

"Mama Kobe, nakuomba."

"Alitoka jasho mara tu ulipoondoka, shuka lote chapachapa. Homa imeshuka. Akaniambia ana njaa. Nikamwacha na jirani, nikaanza safari hapo hapo kuja kukuambia." Mama Kobe alitazama jua lililokuwa limefika utosini. "Sasa hivi nadhani ameshamaliza uji, na anagombania sufuria."

Kindi akacheka, akalia, akacheka tena, kisha akapaa kuelekea nyumbani, mti hata mti, hakugusa chini.

Ukimtuza mlinzi kwa kutoona, atajifunza kufumba macho.